Aliyekuja Kuomba Chumvi

Jioni ile nilitoka kazini nikapitia dukani kununua chumvi. Muuzaji aliniangalia, akaiangalia pakiti, akaniangalia tena.

"Dada, chumvi nyingine? Huko kwenu mnapika supu ya nyangumi?"

Sikuwa na nguvu ya kucheka. Mchana kutwa nilikuwa nimesimama maabara, kwenye ofisi ya serikali inayopima vyakula, na nyumbani alikuwa ananisubiri mama, ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo yenye ufa. Nguvu niliyobaki nayo ilikuwa ya kunifikisha mlangoni.

Halafu ningemwambiaje? Kwamba chumvi ikilala kwetu, inaamka sukari?

Mara ya kwanza nilidhani dada wa kazi, anayeshinda na mama, amechanganya makopo. Akakana.

"Labda yule mgeni wa jioni," alisema. "Huja kuomba chumvi. Mama humchotea mwenyewe, kijiko kimoja."

"Mgeni gani?"

"Si jirani yenu?"

Upande mmoja jirani yetu ni ghala la mbao. Upande wa pili ni kiwanja kitupu.

Nikabeba kidogo ya chumvi ile iliyolala kwetu hadi kazini. Kwenye hadubini chembe zilikuwa vijisanduku vidogo, umbo la chumvi kabisa. Nikaziyeyusha, nikadondosha nitrati ya fedha, ambayo ikikutana na chumvi hugeuza maji yakawa meupe kama maziwa.

Maji yakabaki maangavu.

Nikafanya ambacho kanuni za maabara zinakataza kwa herufi kubwa ukutani. Nikalamba. Sukari.

Nikaenda kwa mkuu wa maabara, mtu anayepiga mhuri hata kwenye bahasha ya dawa zake za kikohozi.

"Chumvi haigeuki sukari," alisema bila kuinua kichwa. "Hazina hata kitu kimoja cha kufanana. Ili hii iwe ile, kilichomo lazima kitoke chote, kiingie kingine. Na kilichotoka hakipotei. Kinahama."

"Kinahamia wapi, mzee?"

"Hilo ni la idara nyingine." Kisha akavua miwani, sauti ikalegea. "Mama anaendeleaje?"

"Anasahau."

"Vumilia, binti yangu. Mama yetu amekula chumvi nyingi."

Alimaanisha umri tu, kama tunavyosema sote. Lakini nilitoka na maneno yale kama kokoto kwenye kiatu. Njia nzima yalinichoma. Chumvi aliyokula mama, miaka yake yote, ndiyo iliyokuwa inahama? Kwanza alisahau mazishi ya baba. Halafu akasahau kwamba amestaafu, akawa anaamka na kutafuta mkoba wa kazini. Halafu harusi yake. Alikuwa anarudi nyuma kwa mpangilio ambao masijala yetu ingeuonea wivu.

Na kila hatua, kulikuwa na kijiko kimoja kilichotoka nje.

Ndiyo maana jioni ile nilinunua pakiti nyingine na kuishika kifuani kama mtoto. Niliapa haitatoka hata chembe.

Dada wa kazi akaaga, akaondoka. Mama alikuwa kitini, miguu inaning'inia. Mimi nilikuwa nakata vitunguu.

"Mama," aliniita.

Maisha yangu yote ameniita mama, kama wazazi wanavyowaita binti zao wakiwadekeza. Sikugeuka.

"Abee."

"Mama, viatu vyangu vya shule viko wapi?"

Nikaweka kisu chini.

Hakuwa ananidekeza. Alikuwa ananiita mama yake.

Ngo... ngo...

Kabla sijafika mlangoni harufu ilikuwa imeshaingia. Mafuta ya karafuu. Mama alikuwa akijipaka hayo kila jioni, kabla hajasahau kwamba kuna kujipaka.

"Ni yule bibi," mama alinong'ona, kwa furaha. "Mpe, maskini. Hana kabisa."

Nilifungua mlango nusu. Mwanamke alisimama pale ambapo mwanga wa taa ulikuwa unaishia, ameinama kidogo, kikombe mkononi. Sikuuona uso. Niliuona mkono. Kwenye kiwiko kulikuwa na kovu la pasi, refu, limepinda mwishoni.

Nalijua kovu lile. Nimelala juu yake utoto wangu wote.

Nikageuka kumtazama mama.

Kiwiko chake kilikuwa laini.

"Leo hakuna," nilimnong'oneza yule wa nje. "Usirudi tena hapa."

Nikasikia anavuta pumzi, na kifua kikikoroma kidogo, vilevile kama cha mama.

"Kijiko," akasema.

Jina hilo mama alinipa nilipokuwa mtoto, kichwa kikubwa, mwili kama mpini. Hakulijua mtu mwingine yeyote. Na mama mwenyewe alikuwa ameshalisahau.

"Kijiko, umekonda. Leo umekula kweli?"

Nilikuwa nimechoka. Nimemlisha mama, nimemwogesha, nimemtafuta barabarani akiwa na kiatu kimoja, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyeniuliza kama nimekula. Anayenijua alikuwa nje. Ndani kulikuwa na msichana mdogo mwenye mvi, akihesabu vidole vyake kwa sauti.

Nikapasua pakiti. Nikamimina. Kijiko sikutumia.

Kikombe kikajaa.

"Asante, mwanangu," alisema, na sasa sauti ilikuwa ya mama, yote, haikupungua kitu. "Kesho nitapita tena. Bado kidogo tu."

Nikafunga mlango, nikauegemea. Pakiti ilikuwa nyepesi mkononi.

"Mama," aliita yule wa kitini. "Nina njaa."

"Nakuja, mwanangu," nikajibu.

Machozi yakanishuka hadi mdomoni. Nikayalamba bila kufikiri, kama mtu yeyote.

Yalikuwa matamu.