Jina Nililoliacha Mlimani Kamuisawa

Krrr... krrr... krrr...

Theluji ikianguka usiku naisikia sauti hiyo. Chuma kinaburutwa barabarani mbele ya nyumba yetu, polepole, kama anayekivuta amechoka. Mume wangu Tetsuya akiamka ananiambia ni gari la mtu lililofungwa minyororo kwenye matairi. Namkubalia. Nimwambie nini?

Gari lina injini. Hiki hakina injini.

Ilikuwa jioni ya Januari, natoka kwa mama mkwe na binti yangu Nagi, ambaye hata kukaa hajui. Majira ya baridi njia ya kurudi kwetu ni moja tu, barabara ya mkoa inayopanda mlima wa Kamuisawa na kushukia upande wa pili. Geti chini huku, geti chini kule. Theluji ikizidi, yanafungwa yote mawili.

Mama mkwe aliniwekea tonge la wali kwenye kiti cha pembeni, limefungwa kwa karatasi nyeupe, halina hata chumvi. Akaniambia hilo si langu, ni la watu wa Tuta la Minyororo, nikifika nishuke niliweke. Kule kila mtu anafanya hivyo. Barabara ile ilichimbwa na wafungwa enzi za mababu wa mababu, serikali ikiogopa Warusi, inataka njia ya kufika baharini upesi. Walifungwa wawili wawili, mguu kwa mguu, mnyororo mmoja, wakapasua mlima mchana na usiku kwa wali usiojaza kiganja. Aliyekufa alifukiwa palepale pembeni pamoja na chuma chake, ndipo pakaitwa Tuta la Minyororo. Baadaye barabara ikapewa namba, ikamwagwa lami, kiangazi kilichopita ikapanuliwa. Wali haukukoma kupelekwa.

Mimi ni mtu wa mjini Sapporo. Niliitikia tu, sawa mama, moyoni nikisema mambo ya wazee hayo.

Mzee Onodera, mlinzi wa geti, alikuwa ameshaanza kulivuta. Nikambembeleza.

"Mama Nagi, huko kwako kuna mume au kuna simba, mbona unakimbizwa hivi?" akasema. "Haya, pita. Lakini nikifunga nimefunga."

Nikacheka, nikapita. Nyuma yangu nikasikia komeo.

Karibu na Tuta, theluji ilikuwa imeporomoka kutoka juu ikaziba njia nzima. Nikarudi nyuma kinyumenyume, tairi likazama. Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi. Simu haina mtandao. Upepo ukaanza kumwaga theluji juu ya gari kama mtu anayefukia shimo, na mimi tangu shuleni najua kwamba ekzosi ikizibwa moshi unaingia ndani, unalala, huamki. Nikasukuma mlango nikaisafishe. Haukufunguka. Wa pili, haukufunguka. Nikazima injini.

Giza. Baridi. Mtoto analia.

Nikampa ziwa, akavuta, akaliachia, akalia zaidi. Halikuwa na kitu. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai tu. Nikambadilishia la pili, vilevile. Kisha sauti yake ikaanza kupungua, na hapo ndipo niliogopa kweli, maana mtoto mwenye nguvu analia.

Tonge lilikuwa palepale kitini.

Nililila lote. Nililila nikiomba radhi huku natafuna, na baada ya muda maziwa yakaja, Nagi akanyonya, na mimi nikalia kwa furaha kama mjinga.

Halafu harufu. Chuma chenye kutu, na jasho. Jasho, katika baridi ile...

Krrr... krrr...

Nikasikia sepetu nje, zinachota theluji. Nikashukuru, nikajua Onodera ameleta watu. Nikafuta ukungu kwenye kioo nichungulie.

Hawakuwa na taa. Walikuwa wengi, mstari mrefu, nguo zao zimechakaa, rangi nyekundu iliyopauka. Wanachimba bila kusema neno. Mimi pumzi yangu ilikuwa inafuka mvuke hadi kwenye kioo.

Wao hakuna aliyefuka.

Mmoja akaja dirishani, mguu una pingu ya chuma. Mnyororo ukaenda hadi kwenye pingu ya pili, na pingu ya pili haikuwa na mguu wa mtu.

"Umekula," akanong'ona.

"Nina mtoto. Maziwa yaligoma."

"Najua, sigombi." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba maji. "Mwenzangu hayupo. Wakiita majina, zamu yake hakuna anayeitika. Asipoitika mtu, hatupumziki. Tunaanza tena kuchimba."

"Mnataka nini kwangu?"

"Wali ulikuwa wake. Nipe jina moja la kuitikia."

Akainama, akamtazama Nagi aliyelala kifuani kwangu.

"La huyu ni jepesi," akasema. "Halijatumika sana."

Sijui nilipata wapi sauti. Nilimfunika mtoto kwa koti, nikasema, "Kanbara Shiho. Hilo ni langu. Chukua langu."

Akainamisha kichwa, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayeaga.

Huko juu mlimani mtu akaanza kuita majina. Jina, kisha ndiyo. Jina, kisha ndiyo. Mstari wote unajibu.

"Kanbara Shiho."

Sikutaka. Naapa sikutaka. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ndiyo."

Greda la theluji lilipofika alfajiri, Mzee Onodera alinikuta nimekaa macho. Walinzi wa geti la pili walikuwa wamempigia simu kwamba gari langu hawalioni. Akaniuliza nani amechimba, maana mbele na nyuma ya gari theluji ilikatwa wima kama tofu kwa kisu, hadi kwenye lami. Tulipokuwa tunashuka akasema, bila kunitazama, kwamba kiangazi walipopanua barabara walifukua mifupa ya wafungwa wawili kwenye mnyororo mmoja. Mmoja alipelekwa hekaluni, akasomewa sala. Wa pili akarudishiwa udongo, kazi ilikuwa na haraka. Yupi anamtafuta mwenzake na yupi ametulia, hakujua.

Tangu siku hiyo mguu wangu wa kushoto ni mzito. Mwezi uliopita nilitaka kumpeleka Nagi kwa mama yangu Sapporo. Treni ikaja, milango ikafunguka, watu wakapanda. Mguu ukakataa. Nilisimama pale hadi ikaondoka, mtoto mgongoni, watu wananiangalia.

Na usiku wa theluji naitwa, naitika. Tetsuya ananiuliza namjibu nani. Namwambia naota.

Jana alinivua soksi ili anikande. Akaona alama, imezunguka kifundo chote cha mguu, imepinda kama pete. Akauliza polepole, "Nani amekufanya hivi, Shiho?" Namjua mume wangu. Nikimweleza tu, atachukua koti, atapanda Kamuisawa, atawaambia wafute jina langu waandike lake. Nagi atakua bila baba.

Nikamwambia ni kiatu.

Wewe hunijui, na mlima huu hutaupanda kwa ajili yangu, ndiyo maana nimekueleza. Mwingine sitamwambia. Tetsuya hata akinililia, sitamwambia.