Mbono Uliopinda

Kila asubuhi Sadiya alichukua dumu la njano, akashuka bustanini kabla jua halijapanda juu ya paa la msikiti. Alipita kati ya matuta ya kunde na bamia, akafika kwenye uzio wa miti, akapenya kwenye pengo lililokuwa mwishoni mwake. Upande wa pili kilikuwa kiwanja cha jirani yao Gaspard, na ukikikatiza tu, unafika kwenye kisima cha pampu. Hakuna nyumba nyingine pembeni mwa mji wa Koboko iliyokuwa na njia fupi ya maji kama yao.

Asubuhi hiyo pengo lilikuwa limezibwa. Matawi ya miiba yalikuwa yamesukumwa pale kwa nguvu, moja juu ya jingine. Nyuma ya miiba, Jolie, binti ya Gaspard, alikuwa akifagia uwanja. Yeye na Sadiya walisoma darasa moja, la sita.

"Jolie! Nani ameziba njia?"

"Njia gani?" Jolie hakuinua kichwa. "Mimi naona kiwanja cha papa yangu tu."

"Ni njia yetu ya maji. Baba yako ndiye aliyetupa."

"Aliwapa watu wenye adabu. Jana umempiga mbuzi wetu jiwe."

"Mbuzi wenu amekula kunde zetu!"

"Mbuzi hajui kusoma. Mngemwekea kibao."

Sadiya alihisi masikio yanamchemka. Alitafuta neno la kumuumiza Jolie, akalipata.

"Basi rudini Kongo na mbuzi wenu!"

Ufagio ulisimama. Jolie aliinua kichwa.

"Mimi nimezaliwa hapa Koboko, kama wewe," alisema taratibu. Kisha akaokota tawi jingine la miiba, akalirusha juu ya yale mengine. "Zunguka barabarani. Miguu unayo."

Sadiya alizunguka barabarani. Wakati wa kurudi, dumu lilimvuta bega, maji yakamchuruzikia mgongoni, na kila hatua ilimwongezea hasira. Alipofika nyumbani alikuta bodaboda imeegeshwa mlangoni. Dereva wake, Ramathan, alikuwa ameketi juu yake akitafuna muwa.

"Mgeni wenu yuko bustanini," alisema Ramathan. "Anapima ardhi kwa viatu."

Mgeni huyo alikuwa baba mkubwa Hakimu, aliyekuwa na duka Arua. Baba yake Sadiya, Muzamili, alifariki kwa ugonjwa mwaka uliopita, siku chache kabla ya Ramadhani. Tangu hapo Hakimu alikuja mara kwa mara kumtazama mjane wa mdogo wake na mtoto. Aliwaletea sukari na sabuni, na mara zote alikuwa mpole. Lakini leo alitembea kando ya uzio kwa hatua ndefu, mikono mgongoni, akinung'unika.

"Njoo, mwanangu," alimwita Sadiya. "Unauona ule mpapai?" Alielekeza kidole ng'ambo ya uzio, ndani ya kiwanja cha Gaspard. "Nilipokuwa kijana, bustani yetu ilifika pale. Sasa uzio uko hapa. Ardhi imekwenda wapi?"

"Sijui, baba mkubwa."

"Imeliwa. Nataka kujenga vyumba vya kupangisha hapa, viwasaidie wewe na mama yako, na nafasi haitoshi. Naona hata njia ya maji wamewafungia."

"Ndiyo! Leo asubuhi tu!" alisema Sadiya haraka.

"Unaona? Wakongo hawa, ukiwaachia kidogo, wanachukua yote." Hakimu aliinama, akashusha sauti. "Kesho nitamwita mwenyekiti wa kijiji. Wewe utasema jambo moja tu. Utasema kwamba Gaspard aliusogeza uzio huu baada ya mazishi, wakati sisi tuko kwenye msiba. Mtoto akisema, watu wanaamini."

Furaha ya Sadiya ilikatika ghafla. Kusikia maneno kama yale yake ya asubuhi katika kinywa cha mtu mzima kulimfanya ayasikie upya, na hayakumpendeza. Lakini lililomkaa moyoni zaidi lilikuwa jambo la uzio.

"Uzio huu haukusogezwa, baba mkubwa. Aliupanda baba. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwa mdogo."

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Utasema nilivyokuambia," alisema Hakimu. Upole ulikuwa umemtoka usoni. "Ukinikaidi, likizo ikifika unahamia kwangu Arua, ukafundishwe adabu."

Sadiya alilishika kwa nguvu shina la mti wa uzio uliokuwa karibu.

"Basi nitakwenda Arua," alisema. "Lakini hilo sitalisema."

Jikoni, mama yake, Kadijah, alikuwa akikoroga uji. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha lililofungukia bustanini.

"Usimtazame baba yako mkubwa machoni namna ile," alisema bila kugeuka. "Ndiye tuliyebaki naye."

"Mama, baba si alipanda uzio ule? Si ulituletea chai pale pale?"

Kadijah aliendelea kukoroga.

"Kwa hiyo niseme uongo?"

Mwiko ulizunguka na kuzunguka, ingawa uji ulikuwa umeiva zamani.

Sadiya aliikumbuka siku ile kuliko siku nyingi za utoto wake. Baba yake na Gaspard walikuwa wamegombania mpaka wa ardhi msimu mzima wa mvua. Walipishana barabarani bila salamu. Kisha Ijumaa moja, baada ya sala, baba alivuka akaenda kwa Gaspard, na wakatembea pamoja kuanzia barabarani hadi chini, wakibishana na kuonyeshana. Waliporudi walikuwa wanacheka. Baba aliuacha mpapai upande wa Gaspard. Gaspard naye akatoa njia ya kwenda kisimani.

Kesho yake walipanda uzio. Baba alileta vipande vya mbono, mti wa uzio ambao mbuzi hawaugusi. Gaspard alileta vipande vya mnyaa, wenye utomvu mweupe kama maziwa. Walipanda kwa zamu, mbono mmoja, mnyaa mmoja, ili yeyote asije akasema uzio ni wake peke yake. Walipofika kwenye pengo la njia, baba alimpa Sadiya mbono wa mwisho. Sadiya aliusukuma ardhini kwa nguvu zake zote, nao ukaingia upande.

"Baba, umepinda."

"Uache hivyo hivyo," baba alisema akicheka. "Atakayeuona atajua ni nani aliyeupanda."

Miti ilishika, ikachipua, ikanenepa. Mbono wa Sadiya nao ulinenepa, lakini haukunyooka. Baba alipokuwa mgonjwa alipenda kutolewa nje kwa kiti, akaketi akiutazama uzio.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, watu walikusanyika bustanini. Mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja aliyeitwa Filda, alifika na unga mikononi hadi kwenye viwiko.

"Nimeacha chapati zangu kwa mtoto, na mtoto mwenyewe anakula kuliko anavyouza," alisema. "Semeni haraka."

Hakimu alieleza. Alizungumza vizuri, kama mtu aliyezoea wateja. Alisema Gaspard alingoja Muzamili azikwe, kisha akausogeza uzio.

Gaspard alikuwa amerudi jioni ya jana kutoka Vurra, mpakani, alikokwenda kuchukua bidhaa zake. Alikuwa ameshika kofia mikononi, akiizungushazungusha.

"Chairman, mimi sitaki maneno na mutu," alisema. "Muzamili alikuwa ndugu yangu. Uzio huu tulipanda pamoja, mimi na yeye."

"Muzamili hayupo hapa kukujibu," alisema Hakimu. "Lakini binti yake yupo. Sadiya! Mwambie chairman."

Watu wote waligeuka. Sadiya alimwona Jolie amesimama karibu na miiba yake, macho chini, mkono umeshika sketi. Jolie hakutarajia msaada. Baada ya maneno ya jana, angeutarajia vipi? Kwa sekunde moja Sadiya alifikiria dumu, na barabara ndefu, na jinsi ambavyo Jolie angelia.

Kisha akasogea mbele.

"Uzio huu aliupanda baba," alisema. "Yeye na Papa Gaspard, mti kwa mti. Haujasogezwa."

Minong'ono ilianza. Hakimu alitabasamu kwa shida.

"Mtoto amechanganyikiwa na msiba. Tumsamehe."

"Sijachanganyikiwa!" Sauti ya Sadiya ilipanda. "Baba amekufa, najua. Nilikuwepo. Vitu alivyoviacha ni vichache, na uzio huu ni kimojawapo. Ukisema umewekwa baada ya mazishi, unasema mikono ya baba haikuwahi kufika hapa. Ilifika!"

"Funga mdomo, Sadiya!"

"Sifungi!"

Mama mmoja aliguna kwa mshangao. Filda aliinua mkono wenye unga.

"Mwache aseme, Hakimu. Wewe ndiye uliyemwita."

Sadiya alikwenda hadi penye pengo, akaweka mkono juu ya mbono uliopinda.

"Baba mkubwa, mti uliopandwa baada ya mazishi bado unatoka kwa mkono mmoja. Ng'oa huu. Huu niliupanda mimi, na baba alicheka kwa sababu umepinda. Ukitoka, mimi ni mwongo, na nitapanda bodaboda ya Ramathan twende Arua leo leo."

Hapakuwa na njia ya kukwepa. Hakimu alikunja mkono wa kanzu, akashika shina, akavuta. Majani yalitikisika. Akavuta kwa mikono miwili. Udongo ulipasuka kidogo shinani, lakini mti ulibaki pale pale, na kofia yake ikaanguka kwenye kunde.

"Mzee, nikuitie trekta?" aliuliza Ramathan, na watu wakacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomharibia Hakimu. Aligeuka akaukamata mnyaa uliokuwa pembeni ya mbono huo, akauvuta kwa hasira. Shina halikusogea, ila tawi lilivunjika, na utomvu mweupe ukamchuruzikia viganjani. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Aliinua mkono ili ajifute.

"Usijiguse macho!" Sadiya alimrukia, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili. "Baba mkubwa, utapofuka! Jolie, maji!"

Jolie alikuwa ameshaanza kukimbia. Alirudi na ndoo na kipande cha sabuni, akaipiga teke ile miiba yake mwenyewe, akapita kwenye pengo. Sadiya alimmiminia baba yake mkubwa maji, na Jolie akampa sabuni. Hakimu alinawa, akanawa tena, mpaka weupe wote ukaisha. Hakuna aliyecheka tena.

"Nimeona," alisema Filda. "Uzio unabaki. Njia inabaki wazi. Na mbuzi afungwe kamba. Mimi narudi kwenye chapati, kama zipo."

Hakimu alibaki amesimama, mikono ikidondoka maji.

"Bustani ilifika kwenye mpapai," alisema kwa sauti ndogo. "Hilo si uongo."

"Si uongo," alikubali Gaspard. "Ilifika. Ndiyo maana nililipa kwa njia ya maji. Muzamili alisema mtu hanywi mpapai."

Hakimu alikaribia kutabasamu. Alimjua mdogo wake. Hayo yalikuwa maneno yake kabisa.

Ndipo Kadijah alipotoka kwenye kundi la wanawake.

"Shemeji," alisema, "uzio huu niliwaletea chai walipokuwa wakiupanda. Jana ningeweza kusema. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utatuacha. Mtoto alikuwa na woga ule ule, lakini yeye alisema." Aliwageukia wasichana wawili waliokuwa wameishika ile ndoo. "Nanyi sikilizeni. Mkubwa akija, mpokeeni mzigo, mpeni kiti, mpeni maji anawe. Hiyo ni heshima. Lakini akiwataka mumsaidie kusema uongo, kataeni, hata akiwa mtu wa damu yenu, hata kama ukweli utamfaa mtu mliyegombana naye. Mkifanya hivyo mtakuwa mmemheshimu zaidi kuliko kama mngemtii."

Sadiya alimtazama Jolie.

"Jana nilisema mrudi Kongo. Lilikuwa neno baya. Nisamehe."

"Lilikuwa baya sana," alisema Jolie. "Nimekusamehe."

"Lakini mbuzi wenu ni mwizi."

"Ni mwizi kweli," alisema Jolie, na wote wawili wakacheka.

Watu walitawanyika. Ramathan aliwasha pikipiki akangoja, lakini Hakimu hakuenda mara moja. Aliokota kofia yake, akaipangusa, akarudi kwenye mbono uliopinda.

"Kwa nini hamkuunyoosha?" alimuuliza Sadiya.

"Baba alikataa."

Hakimu alitikisa kichwa polepole. Kisha alichuchumaa pale alipokuwa ameupasua udongo, akaurudisha kwa viganja vyake, akaukandamiza vizuri kuzunguka shina, kama mtu anayepanda.