Uso wa Malachy Liddy Darajani

Jumamosi ile Soko la Maziwa la Limerick lilifurika mpaka mtu wa kununua kipande cha jibini alipita kwa viwiko. Katikati ya msongamano alikuwapo Sorcha Liddy, koti jekundu, buti zinazong'aa, akigawa mikono kulia na kushoto. Alikuwa akigombea kiti cha marehemu baba yake. Malachy Liddy aliuwakilisha mji huo bungeni tangu Sorcha anatambaa, na alipofariki mwezi wa Machi chama hakikuhangaika kutafuta mtu. Kwetu ndivyo ilivyo. Mzee huzikwa, jina halizikwi, na uchaguzi mdogo ukiitishwa mtoto husukumwa mbele.

Sorcha alimpa mkono pandikizi la mtu aliyekumbatia mfuko wa viazi.

"Dada, huu ni mkono wa tatu," mtu yule akasema. "Wa kwanza kwa muuza samaki, wa pili kwenye foleni ya kahawa. Ukinipa wa nne nitadhani umenipenda."

Hapo ndipo Sorcha alipomtazama usoni. Sikio moja lilikuwa limevimba na kukunjamana, pua iliwahi kuvunjika, lakini macho yalikuwa mapole.

"Na nikikupa?"

"Basi itabidi nikununulie chai. Kura siahidi."

Jina lake Fintan Mulqueen, mchezaji wa raga wa mstari wa mbele. Nusu ya mji ilikuwa ikigombana juu yake: je, Novemba ataitwa timu ya taifa au ataachwa tena? Sorcha peke yake ndiye aliyekuwa hamjui, na hilo ndilo lililompendeza Fintan. Wakacheka walipogundua kwamba wote wawili ni wagombea, ila Fintan alikuwa na mpiga kura mmoja tu, kocha wa taifa.

Mapenzi yakashika moto. Kila adhuhuri Fintan alipiga simu.

"Mheshimiwa, umekula?"

"Nimekunywa chai ya kila nyumba mtaa wa Janesboro, pandikizi langu. Nikitikiswa namwagika."

Jumapili walikula kwa Breda, mama yake Fintan, mjane mcheshi aliyemwekea Sorcha kipande kikubwa cha nyama na kumwambia ajihadhari, kwa sababu mwanawe anakoroma. Sorcha alimpenda mama huyo kwa moyo wote.

Lakini mapenzi yao yalikuwa na mtu wa tatu. Kwenye nguzo moja ya Daraja la Sarsfield lilibaki bango la Malachy la uchaguzi uliopita, juu sana, lililofichwa na mti. Majani yalipopukutika Oktoba, uso ukatokeza. Upepo wa mto ulipovuma bango lilitikisika, na mzee akawa kama anaitikia kwa kichwa. Wapiga debe walitaka kuliondoa. Sorcha akawakatalia, ingawa aliliogopa. Alimwambia Fintan kwamba nyumbani humsikia baba yake akikohoa ngazini, na kwamba kila anapompa mtu mkono husikia sauti ile ikimfundisha: toa mkono kwanza, mtazame machoni, kisha sema, "Unikumbuke siku ikifika." Malachy aliimaliza kila salamu kwa maneno hayo ya kuomba kura, kwenye harusi, kanisani, hata kwa kinyozi.

Wiki ya uchaguzi ilipoanza, Breda akaanguka jikoni na kufa.

Mwili ulilazwa kwenye nyumba ya maziko, jeneza likiwa wazi, na mji wote ukapanga foleni kuwapa mkono wafiwa. Sorcha aliacha kampeni katikati akaja amevaa gauni jeusi, bila beji, bila mpambe. Alitaka kumwambia Fintan neno moja tu, kwamba anampenda na hatamwacha peke yake. Foleni ikasogea. Akampa mkono shangazi, pole kwa msiba. Akampa mjomba, pole kwa msiba. Akafika kwa Fintan, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akamtazama machoni.

"Unikumbuke siku ikifika," akasema.

Ulimi hauna mfupa. Ilikuwa sauti yake, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa Malachy, na chumba kizima kilisikia. Mtu mmoja akaguna. Fintan akautoa mkono wake taratibu.

"Mama yangu hajafunikwa, Sorcha, nawe unaomba kura. Toka."

Akatoka, na mvua ikamnyeshea njia nzima. Pale darajani mzee alikuwa akitikisa kichwa. Sorcha alipiga simu siku ile na siku zilizofuata. Iliita mpaka ikakatika. Kuhusu kura hakujali tena. Watu wakapiga Ijumaa, zikahesabiwa Jumamosi, na kura za wagombea walioenguliwa zilipogawiwa waliobaki, kama ilivyo sheria yetu, nyingi zikamwendea mpinzani. Sorcha akashindwa, akampongeza mshindi, akaenda kulala.

Jumanne akasikia redioni kikosi cha taifa kikitajwa, na jina la Fintan Mulqueen limo. Akalia kwa furaha na kwa uchungu, akiwa peke yake na bakuli la supu.

Sheria humpa mgombea wiki moja kushusha mabango yake. Jumatano Sorcha akachukua ngazi na koleo, akayashusha mwenyewe mtaa kwa mtaa. Alipofika darajani akasimama chini ya baba yake. Ngazi haikufika.

"Amekushinda?"

Alikuwa Fintan, begi la timu begani, akielekea kwenye treni ya Dublin.

"Simfikii," Sorcha akajibu bila kugeuka.

Fintan akasogea chini ya nguzo. "Jana waliponiambia nimechaguliwa, unajua nilimpigia nani? Mama. Nilibonyeza tu. Simu ikaita juu ya friji, nami nimesimama pale pale jikoni. Mkono wangu ulikuwa haujapata habari kwamba amekufa." Akashusha begi. "Nadhani hata mdomo wako ulikuwa haujapata habari za baba yako."

"Nilikuja kukuambia nakupenda. Baba akanitangulia."

"Basi tumshushe. Jikaze mwili wote, usitazame chini."

"Ukiniangusha?"

"Mpira ukirushwa kutoka nje, mimi ndiye ninayembeba mwenzangu juu kuudaka. Sijaangusha mtu."

Akamshika mapajani akamwinua, na Sorcha akapanda juu mpaka akawa uso kwa uso na baba yake. Mvua ilikuwa imeyafuta macho, tabasamu likabaki.

"Nimeshindwa, baba," akamwambia. "Na usinisemee tena."

Akakata vibano vya plastiki kimoja kimoja. Alipotua chini alilipangusa bango kwa mkono wa koti, akalikumbatia, na akalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Fintan alingoja amalize. "Wachezaji tunapewa tiketi za wazazi," akasema. "Jumamosi, mahali pa mama patakuwa patupu. Njoo ukae wewe. Na baada ya hapo, ukikubali, tukae pamoja mpaka tuzeeke."

Sorcha akanyoosha mkono, mazoea yana taabu, kisha akaona haya akataka kuurudisha. Fintan akaudaka.

"Huu ndio wa nne," akasema. "Ule wa msibani siuhesabu."

Wakaondoka wameshikana hivyo kuelekea kituoni. Nyuma yao, pale kwenye nguzo tupu, mtu akakohoa, kikohozi cha mzee. Sorcha alikijua. Hakugeuka.