Sufuria ya Mianzi Haifunikwi

Kila jioni, kabla mtu hajagusa chakula, Sim huwakaribisha wakubwa zake. Ndiyo adabu ya nyumba zetu. "Bibi, karibu ule. Baba, karibu ule. Mama, karibu ule." Ana miaka sita, na akimsahau mmoja huanza upya.

Mama yake, Lanh, ni mtu wa kusini, kwenye minazi. Miezi kumi iliyopita alihamia huku milimani pamoja na Sim na mumewe, Thoan, nyumbani kwa mama yake Thoan. Mama mkwe wake, Bi Xuyen, si mtu wa maneno mengi. Lakini kila alipoonja mapishi ya Lanh, yaliyotiwa sukari kama ilivyo desturi ya kusini, aliuliza swali lile lile: "Hii ni nyama au peremende?" Watu walicheka. Lanh alicheka nao, huku akiogopa kwamba hatakubalika kamwe katika nyumba ile.

Jumapili moja akaamua kujaribu pishi jipya. Madafu alikuwa ametumiwa na mama yake kwa basi. Machipukizi ya mianzi alikuwa ameyachimba Bi Xuyen asubuhi ile, akayaacha jikoni, akarudi shambani. Lanh akasema moyoni, leo kusini na milima vitakutana sufuriani.

Akamenya machipukizi, akayakata, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Machungu! Akafurahi. Kwao kitu kichungu hupoza mwili, na mpishi anayeondoa uchungu wote huonekana hajui kazi. Alishamwona mama mkwe akichemsha mianzi na kumwaga maji. Alidhani tu watu wa huku hawapendi uchungu.

Basi akatia nyama ya nguruwe, vitunguu saumu, sosi ya samaki, machipukizi na maji ya dafu. Akafunika sufuria vizuri, ikatokota kwa moto mdogo. Sim alikuja mara tatu kuomba kionjo cha mianzi, na mara tatu akapewa.

Chakula hakijapakuliwa, Sim akashika kichwa. Akatapika. Akasema nyumba inazunguka. Lanh akaona mtoto kapigwa na upepo, yaani baridi mbaya imemwingia mwilini. Akamlaza kifudifudi, akampaka mafuta, akamkwangua mgongo kwa kijiko ili upepo utoke, kama sisi sote tunavyofanya. Mgongo ukawa mwekundu, lakini Sim akazidi kulegea. Akaanza kuhema haraka haraka.

Bi Xuyen akaingia na jembe begani. Akamtazama mjukuu wake, kisha akafunua sufuria.

"Mianzi hii umeichemsha mara ngapi?"

Lanh aliendelea kukwangua.

"Nakuuliza, mwanangu. Maji umemwaga mara ngapi?"

"Sikumwaga, mama."

"Acha kijiko. Huo si upepo, ni sumu." Akamwita mwanawe aliyekuwa uani. "Thoan, washa pikipiki."

Njiani Lanh alimbana mtoto kifuani, akimwita jina lake kila kona. Mara ya kwanza Sim aliitika. Mara ya pili aliguna. Baadaye hakuitika tena, na Lanh akamsihi Thoan aongeze mwendo.

Kwenye kituo cha afya, mhudumu aitwaye Nhan aliuliza mambo mawili tu: amekula nini, na saa ngapi. Akamvalisha Sim kifaa cha oksijeni, akaita gari, akampeleka hospitali mwenyewe. Kwa siku mbili Lanh hakutoka kando ya kitanda. Nyumbani, Thoan na mama yake walikaa kula bila kukaribishwa na mtu, wakarudisha chakula jikoni.

Siku ya tatu Sim aliomba uji. Aliporuhusiwa kurudi, Nhan alikuja kumjulia hali.

"Mianzi mibichi ina sumu, kama ile ya muhogo mchungu," alisema. "Menya, kata vipande vyembamba, chemsha kwa maji mengi. Sufuria usiifunike, sumu itoke na mvuke. Mwaga maji, tia mengine, chemsha tena. Rudia mpaka uchungu uishe. Maji hayo asiyanywe mtu wala kuku. Na mtu akiumwa baada ya kula, usikwangue, usingoje. Mlete."

"Kosa ni langu," alisema Lanh.

Bi Xuyen akatikisa kichwa. "Miezi kumi nimekucheka kwa sukari yako. La mianzi sikukwambia hata siku moja. Nilidhani kila mtu anajua."

Jumapili iliyofuata walipika pamoja. Mianzi ilichemka mara tatu, sufuria wazi, mvuke ukajaa jikoni. Ndipo wakaipika na nyama na maji ya dafu. Lakini ilipopakuliwa, Lanh alichukua kipande, akakirudisha sufuriani. Alishindwa kukitia katika bakuli la Sim.

"Nitatangulia mimi," alisema Bi Xuyen. Akainua vijiti vyake vya kulia.

"Bibi, bado!" Sim alimzuia. Akanyoosha mgongo. "Bibi, karibu ule. Baba, karibu ule."

Akatupia jicho nyama, akimeza mate. Lanh akangoja zamu yake, machozi yakimtoka.

"Mama, karibu ule."

Bi Xuyen akala, akatafuna polepole. "Peremende," alisema, akasogeza bakuli lake aongezewe.