Sauti ya Majaribio

Chini ya skrini palikuwa na kitufe cheusi kisicho na maneno, na si yeye aliyekichora.

Fundi wa programu alikunja uso. Alikuwa akiitengenezea zahanati, peke yake, programu ya kuwaita wagonjwa kwa zamu. Wiki nzima alikuwa amepima: atumie kiunzi cha zamani cha kujengea skrini, kizito lakini kinajulikana, au hiki kipya, chepesi na cha kupendeza, ambacho mtengenezaji wake aliandika wazi kwamba hakijakomaa?

"Huna mwenzako hata mmoja," mkewe alimwonya. "Kikikugeuka, utamlilia nani?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Alichukua kipya, na kwa uvivu wa kutafuta sauti ya majaribio, akarekodi ya binti yake mdogo: "Anayefuata, karibu ndani."

Sasa alikifuta kile kitufe. Kikarudi. Akakisaka mstari kwa mstari katika msimbo wa programu yake, hakimo. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Hasira zikampanda, akakibonyeza kwa nguvu.

"Anayefuata, karibu ndani," kompyuta ikasema kwa sauti ya bintiye.

Mlango nyuma yake ukafunguka polepole, mchana kweupe, na hakuonekana mtu, ila sakafu ililia hatua kwa hatua, kama inakanyagwa na miguu iliyolowa, mpaka hatua zikakoma ubavuni pake na kitu kikaanza kumpumulia pumzi ya moto shingoni.

Sebuleni mkewe akapiga yowe. Fundi alipofika, mtoto alikuwa analia machozi tele, mdomo wazi, na sauti haitoki.

"Umefanya nini?" mkewe alinong'ona kwa hofu na ghadhabu. "Mwanangu umemtia kwenye uchafu gani?"

Fundi alikimbilia kompyuta chumbani, akamwandikia mtengenezaji wa kiunzi matusi yote aliyoyajua. Jibu likaja kabla hajamaliza.

"Nilisema hakijakomaa. Ndiyo kwanza kinajifunza kusema. Ukitaka sauti ya mwanao irudi, weka nyingine."

"Mshenzi mkubwa wewe!" alifoka, akaigonga meza kwa ngumi, akamlaani mtengenezaji, akakilaani kiunzi, akajilaani yeye na ubishi wake uliomfanya adharau onyo la mtu anayempenda, kisha, pumzi ile ya moto ikiwa bado shingoni, akaifuta sauti ya mtoto, akasogeza mdomo karibu na kompyuta na kurekodi yake mwenyewe, huku kila neno likimkwaruza koo likitoka.

"Mama!" mtoto akalia sebuleni.

Fundi alitoka mbio, akawakumbatia wote wawili. Mkewe alimpiga kifuani kwa hasira, kisha akamng'ang'ania.

"Kimeondoka? Sema basi, kimeondoka?"

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Kimeondoka, mke wangu," ikajibu sauti yake, tulivu, kutoka kule chumbani. "Niletee mtoto."