Umeshiba?

"Vua viatu kwanza. Nimetoka kudeki sasa hivi."

Ndivyo alivyokaribishwa Kiguu na Njia baada ya mwaka mzima wa kupanda milima peke yake. Jina hilo alibandikwa na mama yake mwenyewe, kwa utani, na likamkaa. Aliyemwamuru avue viatu ni fundi cherehani, mchumba ambaye Kiguu na Njia alimwacha bila hata kumuaga. Sasa bibie alikuwa ameketi kwenye cherehani ya mama, utadhani mwenye nyumba.

"Heri nimekukuta hapa hapa. Mama yuko wapi? Nataka anisindikize kwenu nikakuchumbie rasmi. Mimi huyu, nasindikizwa! Cheka basi."

Fundi hakucheka.

"Mama hayupo."

"Kaenda sokoni?"

"Amefariki. Tangu mvua zilizopita."

"Acha utani wako, fundi. Jana nimemwandikia kwamba nakuja, akanijibu, 'Karibu mwanangu.'"

"Aliyekujibu ni mimi."

Simu ya mama ilikuwa pale mezani, kando ya mkasi. Kiguu na Njia aliitazama, akakaa sakafuni na viatu vyake mkononi.

"Alipougua tulikupigia mpaka tukachoka," fundi alisema. "Siku zile zote umezima simu. Na mlima gani uko, nani angetuambia? Hukuwahi kumwambia mtu unakoelekea."

"Mtu akijua nilipo, najiona nimefungwa kamba."

"Basi hukufungwa. Tulimzika bila wewe."

"Na nilipowasha simu? Kwa nini hukuniambia?"

"Uko juu ya mwamba, peke yako, hakuna hata wa kukushika mkono, nikuandikie msiba? Ungeteleza ukafa na wewe. Nikasema akishuka nitamwambia. Ukashuka, ukapanda mwingine."

"Ungeniambia tu!"

"Na wewe ungeuliza tu! Mama alikuwa anakuandikia nini kila siku?"

"'Umekula?'"

"Haya, soma za baada ya mvua."

Kiguu na Njia alifungua simu yake. Umekula? Umekula? Umekula? Kisha ghafla: Umeshiba? Na chini yake, Umeshiba? tena, mpaka jana.

"Kwetu ndivyo tunavyoulizana," fundi alisema. "Siku ya kwanza neno hilo lilinitoka kwa bahati mbaya. Nikasema leo kaniumbua, atapiga aulize, wewe nani? Nikakaa na simu mapajani, naisubiri iite. Ukajibu nini?"

"'Niko sawa.'"

"Ulijibu hivyo kila siku. Basi nikawa naliandika makusudi. Nilitaka unikamate, maana nilikuwa nazeeka kwa kujifanya marehemu. Hebu niambie ukweli, uliona neno limebadilika?"

"Niliona."

"Ukafikiri nini?"

Kiguu na Njia aliviweka viatu vyake sakafuni. Huyu ndiye mtu aliyeweza kuona ufa mdogo kwenye jabali akiwa mbali.

"Nilifikiri mama anazeeka. Nikasema nitamuuliza nikirudi."

Fundi alilia waziwazi, bila kujificha. Alipomaliza, alivua shingoni futi ya kupimia nguo, akaiweka juu ya cherehani pamoja na ufunguo wa nyumba.

"Na ile safari ya kwenu?" aliuliza Kiguu na Njia.

"Utaenda na nani? Wajomba zako nusu hawakujui sura. Rafiki huna."

"Nitakwenda peke yangu."

"Najua. Ndiyo maana nasema usije."

Alitoka. Kiguu na Njia alitaka kumwita. Nampenda, alijiambia, na hata kumwita siwezi. Vidole vikafanya kile vilichozoea: vikaandika ujumbe kwa mama. Safari hii vikaandika tofauti.

"Siko sawa."

Simu ya mama ikalia pale mezani. Kizingitini, fundi alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasita, akarudi na kiatu kimoja mguuni, akaichukua simu, akasoma.

"Neno hili mama alilisubiri mpaka dakika ya mwisho," alisema.

Akairudisha simu kando ya mkasi, akaenda zake.