Dawa ya Rejeta Aliyoiacha Baba

Jumamosi nyumbani kwa kina Aikaeli ilikuwa na utaratibu wake. Mama Winifrida aliamka kwanza, akasali kwa sauti ya chini jikoni, kisha akabandika chai. Baba alitoka nje na kitambaa begani, akafungua boneti ya gari lao la rangi ya fedha na kuita, "Fundi mdogo! Mgonjwa anasubiri!" Hapo Aikaeli alitoka mbio, koti juu ya nguo za kulalia, kwenda kuangalia maji ya injini.

Hizo zilikuwa Jumamosi za zamani. Mwezi wa tisa Baba, Faustine kwa jina, alifariki, na mlangoni hapakuwa tena na wa kuita. Aika, kama wote walivyozoea kumwita, alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa pekee, mzaliwa wa hapo hapo Edmonton, Landani. Kiswahili alikielewa chote, ila ulimi wake ulipenda kukimbilia Kiingereza, na Mama hakumjibu mpaka aseme upya kwa Kiswahili.

Chini ya ngazi kulikuwa na kabati, na ndani ya kabati chupa kubwa ya dawa ya rejeta, ile ya kuchanganya na maji ya kupozea injini, yenye rangi ya waridi. Baba aliinunua kabla hajalazwa hospitali. Ubavuni aliandika kwa kalamu nene: *Nusu dawa, nusu maji. Usikisie, Aika.* Mara nyingi, Mama akiwa kazini kuwahudumia wazee majumbani mwao, Aika alifungua kabati akapitisha kidole juu ya herufi zile, moja baada ya nyingine. Chupa ilikuwa haijafunguliwa. Kwake yeye, maadamu ilikuwa haijafunguliwa, kulikuwa bado na kitu ambacho Baba hajakimaliza.

Siku chache baada ya Mwaka Mpya, mpira mmoja wa maji ya injini ulipasuka. Albert, kijana waliyesali naye katika ibada ya Kiswahili, alikuja kuweka mpira mpya.

"Mama Aika, mpira tayari," alisema akifuta mikono. "Lakini dawa karibu yote imemwagika. Nikanunue?"

"Asante, mwanangu. Ndani ipo ya marehemu. Na mjazaji yupo." Mama alimgeukia binti yake. "Si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo kazi yangu," Aika alijibu haraka.

Albert alipoondoka, Aika alitoa chupa kabatini. Alishika mfuniko. Vidole vilikataa kuuzungusha. Akairudisha mahali pake, akachukua jagi la jikoni, akalijaza maji ya bomba, akarudi tena na tena mpaka tangi dogo la injini likafika kwenye alama. Maji ni maji tu, alijiambia.

"Umejaza?" Mama aliuliza.

"Nimejaza."

"Nusu kwa nusu, kama Baba alivyokufundisha?"

"Ndiyo, Mama."

Hali ya hewa ilikuwa ya mvua mvua tu, na gari lilikwenda salama. Uongo ule ukatulia.

Siku hizo Bibi, mama yake Baba, alikuwa Landani. Alikuja mazikoni akitokea Moshi, akabaki Thornton Heath, kusini mwa Landani, kwa Shangazi Jacqueline. Huko Uchagani mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, karibu na baba yake na babu yake. Lakini Baba, akiwa kitandani, alisema, "Nizikeni karibu na mwanangu." Bibi aliheshimu neno lile ingawa lilimuumiza. Aliomba jambo moja tu: shati la Baba la kanisani, lile jeupe, akalizike kihambani mahali ambapo mwanawe angelala.

Mama alichelewa kuliachia shati hilo. Kila alipokwenda Thornton Heath alilisahau, au alisema amelisahau. Mwishowe alimwambia Bibi, "Nitakuletea uwanja wa ndege, Mama, nikukabidhi mkononi."

Bibi alikuwa aondoke Jumamosi. Wiki nzima kabla ya hapo gari lilisimama tu nje na baridi ilikuwa kali, nyasi zimegeuka nyeupe, na madimbwi ya maji barabarani yamekuwa kama vioo. Asubuhi hiyo Mama alipiga pasi shati polepole, kola mara mbili, akalifunga ndani ya kitenge na kumpakatisha Aika garini.

"Lishike vizuri. Bibi yako miguu haimbebi tena. Safari nyingine ya kuja huku hana."

Walipoingia barabara kuu ya kuelekea uwanja wa ndege wa Heathrow, Aika alisikia miguu inakufa ganzi.

"Mama, mbona hita inapuliza baridi?"

Mama alitazama mshale wa joto. Kwa kawaida ulisimama katikati. Sasa ulikuwa umepita katikati, na unapanda. Hakubishana nao. Aliingia barabara ya pembeni, akasimama mbele ya safu ya nyumba, akazima injini. Mvuke ulianza kutoka kwenye boneti.

"Limechemsha! Baridi yote hii, gari linachemshaje? Yesu wangu." Mama alifungua boneti, akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa maji.

"Usifungue, Mama!" Aika alimshika mkono. "Baba alisema likiwa la moto maji yanaruka usoni."

Mama alirudisha mkono. Alipiga simu kutafuta teksi. Ya kwanza haikupatikana, ya pili wakasema barafu imekwamisha magari, asubiri. Kisha alimpigia Mzee Pradip, rafiki wa Baba, mzaliwa wa Tanga, mwenye gereji yake Edmonton.

Mzee Pradip alifika na gari lake la kazi, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mzee Pradip."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Neno hilo lilikuwa la Baba. Mzee hakujua. Aligusa mpira wa juu wa rejeta kwa haraka, akautoa mkono. "Huu unaunguza." Akainama, akashika mpira wa chini. "Na huu ni baridi kama jiwe. Maana yake nini? Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanafika kwenye rejeta, hayapiti. Hayazunguki. Na ndiyo maana hita yenu nayo haipati joto."

Akagonga rejeta kwa ncha ya kidole, akasikiliza, akamulika tochi kwenye tangi dogo.

"Mama Aika, humu hamna dawa. Maji yake ni meupe. Haya ni maji ya bomba, yameganda ndani ya rejeta. Sisi Tanga tulikuwa tukitia maji ya kisimani, gari linakwenda mpaka Lushoto huku linaimba. Lakini huku, maji matupu hulala yakaamka jiwe. Nani aliyajaza?"

Uso wa Mama ulibadilika. "Albert! Aika alitia dawa, nusu kwa nusu. Fundi aliyeshika injini hii ni yeye. Kumbe aliacha maji yake humo, sijui alichezea nini huko ndani!" Tayari alikuwa amepiga simu. "Albert? Wewe kijana umetufanyia nini? Gari limekufa njiani, na Mama yuko uwanja wa ndege ananisubiri! Kama huwezi kazi si ungesema?"

Sauti ya Albert ilisikika kwa mbali, inajitetea, inaomba radhi kwa kosa asilolijua. "Samahani, Mama Aika... mimi niliweka mpira tu... samahani sana..."

Ni ile samahani iliyomshinda Aika. Alilikumbatia lile furushi la kitenge, akasema kwa Kiingereza kwamba ni yeye. Mama hakusikia, au hakuelewa. Akasema tena, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa:

"Mama, ni mimi. Sikutia dawa. Nilitia maji ya bomba, nikakudanganya."

Mama aliishusha simu polepole, akaikata. "Dawa ilikuwepo ndani."

"Ilikuwepo. Ina mwandiko wa Baba. Sikutaka iishe."

Mzee Pradip alivua kofia yake, akageukia gari, akajifanya anatafuta kitu kwenye boksi la vifaa.

Simu ikaita mkononi mwa Mama. Alikuwa Bibi.

"Winifrida, mko wapi? Mimi niko mlangoni. Jacqueline ananiambia niingie, mimi nasema wanakuja."

"Mama, gari limeharibika. Hata tukipanda la Mzee Pradip hatuwahi tena." Mama alifunga macho. Kisha akampa Aika simu. "Mwambie mwenyewe kwa nini."

Aika alimwambia. Hakuficha hata jagi. Upande wa pili kulikuwa na kelele za matangazo na magurudumu ya mizigo, na katikati yake Bibi akipumua.

"Umesema mwenyewe, au umekamatwa?" Bibi aliuliza.

"Nimesema mwenyewe. Anko Albert alikuwa anagombezwa."

"Umefanya vizuri kusema." Sauti ya Bibi ilikwaruza. "Lakini mjukuu wangu, naenda mikono mitupu. Wanangu kule wanajua nakuja na Faustine. Nitawaambia nini?"

Mtu alisikika akimwambia Bibi aingie, muda umekwisha. Simu ikakatika. Mama alimvuta binti yake kifuani, na pale kando ya barabara ngeni walilia wote wawili, shati la Faustine katikati yao. Teksi ilifika baadaye, ikaondoka tupu.

Gari lilivutwa mpaka gereji. Mzee Pradip alisema Mungu aliwahurumia: kwa kuwa Mama alizima injini mara moja, injini ilipona. Rejeta ndiyo ilipasuka, maana maji yakiganda hutanuka. Aliweka nyingine, akasafisha njia zote za maji, na kwa ombi la Mama akalivuta gari mpaka nyumbani bila kulitia dawa.

Jioni ya Jumamosi ile ya safari Mama aliwaita Albert na Aika jikoni. Alianza yeye. "Mwanangu Albert, nilikutukana bila kuuliza. Nisamehe." Kisha Aika naye akaomba radhi, macho chini.

"Yameisha, fundi mdogo," alisema Albert. "Pasaka nakwenda Moshi. Nipeni hilo shati, nitalifikisha mpaka mikononi mwa Bibi."

Bibi alipoambiwa alisema, "Nitasubiri. Hawatachimba mpaka lifike." Kila mtu alijua Bibi ana umri gani, na Pasaka bado ilikuwa mbali.

Jumamosi iliyofuata, gari likiwa limesimama mbele ya nyumba, Mama mwenyewe alileta chupa kutoka kabatini. Aika alipoiona alianza kulia.

"Lia tu," alisema Mama. "Lakini fungua. Mimi nililing'ang'ania shati mpaka siku ya mwisho, wewe ukang'ang'ania chupa, na Bibi akaenda mikono mitupu. Baba yako hakuinunua dawa hii ikae kabatini. Aliinunua ili tufike tunakokwenda. Ukimpenda, fanya alichokufundisha. Na jambo likikushinda, niambie, 'Limenishinda, Mama.' Ungeniambia siku ile, tungelia pamoja na kununua chupa nyingine. Uongo umetunyima hata nafasi hiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Aika alizungusha mfuniko. Alipima nusu ya dawa, nusu ya maji, bila kukisia, akamimina mpaka rangi ya waridi ikafika kwenye alama. Mama aliwasha injini. Walikaa ndani wakitazama mshale ukipanda taratibu, ukafika katikati, ukasimama. Hita ikaanza kupuliza joto kwenye miguu yao.

Chupa tupu Aika aliisuuza, akaikausha, akairudisha chini ya ngazi, mwandiko ukiangalia mlangoni.